Fuller's London Porter: uzoefu wangu, na mapishi ambayo hayajawahi kutulia

Nitainunua tena bia hii nyeusi ya aina ya porter, hilo halina mjadala. Naipa nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja iliyobaki nitaeleza imekwenda wapi. Ila kwanza nataka kuondoa maneno ambayo nimeyasikia mno kwenye baa za London: kwamba ukinywa bia hii unakunywa kilekile walichokunywa wachukuzi wa mizigo wa bandarini miaka mia tatu iliyopita. Si kweli. Mmoja wa wale wachukuzi akipewa glasi hii leo angeuliza kimea kimefanywa nini, na moshi umekwenda wapi.

Chupa yenyewe ni ya mililita 500, kilevi asilimia 5.4. Inatengenezwa Griffin Brewery, kiwanda cha zamani kilichoko Chiswick, magharibi mwa London, ambacho tangu 2019 kiko mikononi mwa Asahi ya Japani. Ikiwa mezani inaonekana nyeusi tititi, lakini inua glasi uelekeze kwenye taa na utaona wekundu mzito chini ya ule weusi. Povu ni la kahawia hafifu na halikai sana. Harufu inaanza na kahawa, inafuata chokoleti isiyo na sukari nyingi, halafu kwa nyuma kuna kitu cha mkate ulioungua kidogo pembeni. Mdomoni ni laini kuliko unavyotarajia kwa rangi ile. Uchungu upo, ila hauji mbele. Hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) zilizotumika ni Fuggles, aina ya Kiingereza yenye harufu ya majani na udongo, na kazi yake hapa ni kusawazisha utamu tu.

Vimea ni vinne: cheupe, cha kahawia, cha kristali (chenye utamu wa karameli) na cha chokoleti (kilichochomwa sana, hakina chokoleti ndani). Hicho cha kahawia ndicho kilichonifanya nianze kufukua historia, kwa sababu ndicho pekee kati ya vinne kinachoturudisha kwenye porter ya mwanzo.

Porter ilianza London katika miongo ya kwanza ya karne ya 18, na wakati huo haikuwa na mchanganyiko wowote. Ilikuwa kimea cha kahawia peke yake: shayiri iliyooteshwa, ikakaushwa haraka juu ya moto mkali wa kuni. Aliyewahi kunywa busaa ya kule Magharibi mwa Kenya, ambayo unga wake uliochachuka hukaangwa kwenye bati juu ya moto kabla ya kutiwa kimea cha wimbi, anajua jinsi jiko linavyoweza kuingia ndani ya kinywaji. Nguvu ya porter hiyo kwa makadirio ya leo ilikaribia asilimia 7. Na haikunywewa changa. Ilikaa miezi mingi kwenye mapipa makubwa ya mbao, ikapata uchachu na harufu ambayo baadhi ya waliozoea bia za leo wangedhani imeharibika. Ni mwaka 1904 tu ndipo Claussen, mtaalamu wa Carlsberg huko Denmark, alipoieleza hamira iliyohusika, akaiita Brettanomyces, yaani kuvu wa Uingereza.

Hayo mapipa yalikuwa mradi wa kujionyesha. Viwanda vilishindana nani ana kubwa zaidi, hadi tarehe 17 Oktoba 1814, pipa la kiwanda cha Meux karibu na Tottenham Court Road lilipopasuka na bia ikafurika mitaani na kuingia kwenye nyumba za maskini wa St Giles. Watu wanane walikufa. Nimepita sehemu hiyo mara nyingi nikienda Oxford Street bila kujua lolote.

Sasa, kilichobadilisha mapishi si ladha ya wanywaji. Ni hesabu. Mwishoni mwa karne ya 18 watengenezaji walianza kutumia hidromita, kifaa cha kioo au shaba kinachoelea ndani ya maji ya kimea na kuonyesha sukari iliyomo. John Richardson aliandika kitabu juu yake mwaka 1784. Kwa mara ya kwanza mwenye kiwanda aliweza kuona kwamba kimea cha kahawia, alichokipenda kwa sababu ni rahisi bei, kinatoa sukari kidogo mno ukilinganisha na cheupe. Kumbe cha bei ghali ndicho kilichokuwa na faida! Viwanda vikahamia kimea cheupe kwa sehemu kubwa, na kile cha kahawia kikabaki cha kutia ladha tu.

Hapo ikazuka shida ya rangi. Mnywaji wa London alitaka porter yake iwe nyeusi, na kimea cheupe hakitoi weusi. Wengine walitia sukari iliyounguzwa, wengine vitu vya ajabu zaidi, mpaka sheria ya 1816 ikapiga marufuku karibu kila kitu isipokuwa kimea na hopsi. Mwaka uliofuata, 1817, Daniel Wheeler akapata hataza ya kuchoma kimea ndani ya pipa la chuma linalozunguka, kwa mtindo uleule wa kuchoma kahawa. Kidogo tu cha kimea hicho cheusi kilitosha kutia rangi bia yote. Viwanda vikubwa kama Whitbread vilikikumbatia upesi.

Kwa hiyo ile kahawa unayoipata puani ukifungua chupa ya London Porter haitoki kwa wachukuzi wa mwaka 1730. Imetokana na hesabu, sheria na mashine ya Wheeler. Mimi hili halinipunguzii raha hata kidogo, ila linanifanya nicheke kila ninapoona neno "halisi" kwenye ubao wa baa.

Mengine nitayapitia haraka. Katikati ya karne ya 19 watu walichoka na bia iliyokaa, wakataka mpya na tamu, na yale mapipa makubwa yakaanza kung'olewa. Vita ya Kwanza ya Dunia ndiyo iliyoipiga porter zaidi: nyambizi za Wajerumani zilikuwa zinazamisha meli za chakula, nafaka ikahitajika kwa mkate, serikali ikabana nguvu ya bia na kupandisha kodi. Baada ya vita, porter ya London ilikuwa imeshuka chini ya asilimia 4, nyepesi, ya wazee. Whitbread, ambao waliwahi kutengeneza mapipa zaidi ya 200,000 ya porter kwa mwaka mmoja, 1796, waliacha kabisa kuitengeneza mwaka 1940. Ireland haikubanwa kwa kiasi hicho wakati wa vita, na ndiyo maana stout, ambayo awali ilikuwa porter yenye nguvu zaidi tu, ikawa ya Dublin machoni pa dunia nzima.

Watengenezaji wadogo waliifufua mwishoni mwa miaka ya 1970, na hii ya Fuller's ilikuja miaka ya 1990. Yaani ni porter iliyofufuliwa baada ya mnyororo kukatika. Waliazima kimea cha kahawia kutoka karne ya 18, wakachukua uchomaji wa karne ya 19, kristali na chokoleti ambavyo ni vya baadaye zaidi, na nguvu inayokaribia ile ya kabla ya 1914. Sidhani kuna mwaka hata mmoja katika historia ambao bia hii yenyewe ingeweza kutoka kiwandani ikiwa hivi. Na ni nzuri!

Nyota iliyokosekana ni ya moshi. Kimea cha kahawia cha sasa hukaushwa kwa njia safi, na hata uchachu kidogo wa pipa la mbao haupo. Ningetamani angalau dalili yake. Ni tamaa yangu binafsi, najua wengi wangeirudisha chupa dukani.

Kwa waliozoea Guinness ya chupa inayotengenezwa Kenya: ile ni mjukuu wa porter iliyotengenezwa Dublin kuanzia 1801 kwa ajili ya visiwa vya Karibi, ikatiwa hopsi nyingi na nguvu ili istahimili bahari. Ndiyo maana ni kavu, ina uchungu na inagonga. Ukiijia London Porter ukitegemea kipigo hicho utasema imepoa. Hii inakwenda polepole, inaacha utamu wa kimea mdomoni, na chupa mbili zinatosha jioni.

Usiinywe ikiwa baridi sana. Baa moja ilinipa iliyotoka moja kwa moja kwenye friji la soda, ladha yote imelala, nikaishika glasi kwa viganja karibu nusu saa ndipo ikaamka. Nyuzi 11 au 12 zinatosha, kwa hiyo itoe kwenye friji kabla hujaanza kuandaa meza. Na meza yake naijua: mbavu za kuchoma zenye ukingo ulioungua, mishkaki isiyo na pilipili nyingi, au jibini kali la cheddar. Pilipili ikizidi, uchungu wa kuchomwa unajitokeza na kuharibu kila kitu. Kwa samaki wa nazi usijaribu kabisa.

Ukiikuta ya pipa, inayopigwa kwa pampu ya mkono, ichukue kabla ya ya chupa. Gesi ni kidogo, chokoleti inatanuka, na ule wekundu unaonekana vizuri zaidi. Hupatikana zaidi majira ya baridi. Anayeogopa stout aanzie hapa. Anayetafuta kitu cha kukata kiu mchana wa jua aiache rafuni, achukue lager.