Leseni ya HMO huko England: unachopata kwa ada unayolipa

Ukipangisha nyumba chumba kimoja kimoja huko England, leseni ya HMO (house in multiple occupation, yaani nyumba inayochangiwa na watu wa kaya tofauti) si hiari. Tangu Oktoba 1, 2018, nyumba yenye watu 5 au zaidi kutoka kaya 2 au zaidi, wanaochangia jiko, choo au bafu, lazima iwe nayo, hata isiyo na ghorofa. Tumeipima kama huduma nyingine yoyote ya kulipia, kuanzia fomu hadi ukaguzi. Tunaipa nyota 3 kati ya 5.

Wengi huanguka kabla ya kugusa fomu, kwenye kuhesabu watu. Mtoto mchanga ni mtu mmoja kamili. Mke na mume ni kaya moja, na shangazi, mpwa au binamu anayeishi nao huingia humo humo. Ila yule mliyetoka naye kijiji kimoja, hata mkiitana ndugu tangu utotoni, kisheria ni kaya nyingine. Mwenye nyumba anayeishi hapo na wapangaji wasiozidi 2 hahusiki. Na usijifariji kwamba una wapangaji 4 tu: halmashauri nyingi zina leseni ya ziada inayoanzia watu 3.

Fomu hujazwa halmashauri. Andaa ramani yenye vipimo vya kila chumba, cheti cha gesi cha mwaka huo na ripoti ya umeme isiyozidi miaka 5. Pia lazima uwaarifu wenye maslahi katika nyumba, akiwemo mmiliki mwenza na benki iliyokukopesha. Benki ndiyo husahaulika, na wakati mwingine husahaulika makusudi, kwa kuwa mkopo wenyewe haukuruhusu nyumba ya aina hii.

Vipimo havina mjadala. Chumba cha kulala mtu mmoja aliyefikisha miaka 10 kiwe na angalau mita za mraba 6.51, cha wawili, 10.22. Mtoto wa chini ya miaka 10 akilala peke yake, 4.64. Sehemu yenye dari chini ya mita 1.5 haihesabiwi, na hapo ndipo vyumba vya darini hufa. Chukua chumba cha mita 2.5 kwa 3.2: sakafu ni 8. Paa likiinama na kukata ukanda wa nusu mita upande ule mrefu, zinabaki 6.4, nacho hakifai tena kulala mtu mzima. Sebule kubwa haikifidii.

Ukaguzi ndio sehemu inayostahili ada, hasa upande wa moto. Mlango wa kuhimili moto dakika 30 unaweza kuwa wa bei kali na bado usisaidie kitu: mpangaji kang'oa kifaa cha kuufunga kwa sababu unabamiza usiku, fundi kapaka rangi juu ya utepe unaovimba kwa joto, au pengo pembeni limezidi milimita 4. Kufuli la mlango wa kutokea lifunguke kwa mkono kutoka ndani, bila ufunguo. Mtu aliyejaa moshi machoni hatafuti funguo.

Nyota mbili zimeondoka hivi. Kila halmashauri ina ada yake na masharti yake, na majibu huchelewa. Halafu leseni si kibali cha mipango miji: penye amri ya Article 4, inayoondoa ruhusa ya kubadili matumizi ya nyumba bila kuomba, kugeuza nyumba ya familia kuwa ya kuchangia kunahitaji kibali cha pekee, na unaweza kupewa leseni leo ukazuiwa kesho na ofisi ya mlango wa pili. Afadhali jambo moja: ombi lililokamilika ni kinga yako wakati unasubiri. Ombi lenye karatasi pungufu halikukingi, kwa hiyo tunza uthibitisho wa kupokelewa.

Kupangisha bila leseni ni jinai. Faini ya mahakama haina kikomo. Kabla ya Mei 1, 2026, halmashauri ikiamua kutoza yenyewe ilikuwa hadi pauni 30,000, na wapangaji waliweza kudai warudishiwe kodi ya nyumba ya hadi miezi 12. Kuanzia tarehe hiyo, sheria ya haki za wapangaji ya 2025 inapandisha viwango hivyo hadi pauni 40,000 na miezi 24.

Leseni hudumu miaka isiyozidi 5 na haihamishwi. Ukinunua nyumba ambayo tayari inayo, ile ni ya muuzaji. Wewe peleka ombi jipya.