Kusajili kampuni kwa mfumo wa BRELA ukiwa Arusha: pa kuharakisha na pa kutulia

Mfumo wa BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni) wa kusajili kampuni mtandaoni, ORS, umewaondolea waanzilishi wa Arusha na Moshi safari ya basi hadi Dar es Salaam. Unajaza ukiwa Njiro au Sakina, unalipa kwa simu, cheti unakipakua mwenyewe. Kwa hilo unastahili sifa. Kasoro yake ni kwamba swali la hisa linaulizwa sawasawa na swali la sanduku la posta, na wengi hulijibu kwa dakika mbili wakiwa wamesimama steshenari karibu na Mnara wa Saa. Jibu hilo ndilo mwekezaji atakalolisoma kwanza.

Maandalizi si magumu. Namba za NIDA za wakurugenzi na wanahisa (tarakimu 20), TIN zao (namba za mlipakodi), na wakurugenzi wasiopungua wawili, maana Sheria ya Makampuni ya 2002 inataka hivyo. Ukimaliza kujaza, mfumo unatoa fomu ya pamoja ya kuchapa, kusaini, kuskani na kupandisha, pamoja na katiba ya kampuni na Fomu 14b ya wakili, yaani tamko kwamba masharti ya sheria yametimizwa. Maombi mengi hurudishwa kwa vitu vidogo: mtaji ulioandikwa kwenye katiba haufanani na wa kwenye fomu, jina limepungua herufi moja likilinganishwa na la NIDA, au ukurasa wa saini umepigwa picha kwa simu hausomeki. Skani kwa mashine.

Gharama hupanda kulingana na mtaji wa hisa. Mtaji usiozidi Sh1,000,000 ada yake ni Sh95,000. Ukiongeza Sh66,000 za kuwasilisha nyaraka na Sh6,200 za stempu, jumla ni Sh167,200. Mtaji wa zaidi ya milioni moja hadi tano, jumla inafika Sh247,200. Kampuni changa ya programu haina sababu ya kuandika mtaji wa milioni 100 ili ionekane kubwa. Hakuna mwekezaji anayetishika na tarakimu hiyo, na ada umeshailipa.

Sasa hisa. Chukua mtaji wa Sh1,000,000 uliogawanywa kwenye hisa 10,000 za Sh100. Waanzilishi ni watatu. Kosa linalojirudia ni kugawana zote 10,000 siku ya kwanza. Gaweni 6,000, kila mmoja 2,000, na 4,000 zibaki hazijatolewa. Akija mtu na Sh30,000,000 akitaka asilimia 20, kampuni inamtolea hisa mpya 1,500: jumla zinakuwa 7,500, na yeye ana moja ya tano kamili. Kinachobaki ni kuwasilisha taarifa ya hisa zilizotolewa ndani ya siku 60. Mkiwa mmeshazimaliza, itabidi kikao kipitishe azimio la kuongeza mtaji na ada ilipwe tena. Au mwanzilishi amuuzie za kwake, na hapo TRA wanaingia kukokotoa kodi ya faida ya mauzo, na fedha zenyewe zinaenda mfukoni mwa muuzaji badala ya kuingia kwenye kampuni. Mwekezaji alitaka kukuza biashara, sasa amemnunulia mtu kiwanja Usa River.

Jambo ambalo mfumo hauulizi kabisa ni nini kitatokea mwenzenu akiondoka mwezi wa sita na theluthi ya kampuni mkononi. Wekeni mkataba wa wanahisa pembeni: hisa zinakomaa kwa miaka minne, yaani kila mmoja anakuwa mmiliki kamili wa zake kidogo kidogo, na anayeondoka kabla ya mwaka kutimia anazirudisha. Wakili anayejua kazi hii atauandika sambamba na katiba. Usikubali katiba ya kunakili iliyokaa kwenye kompyuta ya steshenari.

Kwenye shughuli za kampuni, chagua unachofanya kweli. Anayetengeneza programu kwa ajili ya kampuni za safari achague utengenezaji wa programu. Akijiandikisha kama wakala wa utalii anajiingiza kwenye leseni za Wizara ya Maliasili asizozihitaji.

Cheti kikitoka, TIN ya kampuni inafuata TRA, kisha leseni ya biashara ya halmashauri kupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri. Ukiajiri hata mtu mmoja, jisajili NSSF (asilimia 20 ya mshahara, nusu yake unaweza kumkata mfanyakazi) na WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi), ambako mwajiri analipa asilimia 0.5 bila kumkata mtu. Mshahara usiozidi Sh270,000 kwa mwezi hauna PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara. Unaozidi hapo, kodi ipelekwe si zaidi ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Mfanyakazi wa kumi analeta SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi), asilimia 3.5 ya mishahara yote, kwa hiyo piga hesabu hiyo kabla ya kumwandikia barua.

Mwisho ni taarifa ya mwaka, inayowasilishwa kwenye mfumo huohuo ndani ya siku 28 baada ya kampuni kutimiza mwaka, hata kama haijauza kitu. Faini yake inaongezeka kila mwezi, na wakili wa mwekezaji hufungua taarifa hiyo kabla hajafungua hesabu zenu. Weka tarehe ya cheti kwenye kalenda za simu mbili, yako na ya mwenzako.