Tahadhari: "K6-III" zinazouzwa Arusha ni K6-2 zilizopigwa msasa

Ndugu zangu mnaotunza kompyuta za zamani Arusha na Moshi, naomba mwe waangalifu na muuzaji mmoja wa Arusha anayejitangaza kwenye makundi ya WhatsApp kuwa ana prosesa za AMD K6-III za megahezi 450, kwa shilingi 90,000 kila moja. Iliyonifikia mimi ni K6-2, prosesa ya AMD ya daraja la chini yake, iliyosuguliwa kwa msasa na kuandikwa upya, na mafundi wenzangu wawili wa hapa Moshi wamepokea mzigo wa aina hiyohiyo.

Kompyuta yangu ina mazabodi (bodi kuu) ya Super Soketi 7, soketi ya prosesa za aina hii, na inaendesha mashine ya kukata stika, ambayo kadi yake huingia kwenye sloti ya zamani ya ISA tu, kwa hiyo siwezi kuhamia kompyuta mpya bila kununua na mashine nyingine. Niliitaka K6-III, iliyotoka mwaka 1999, kwa sababu ina kashe ya pili (memori ndogo ya haraka) ya kilobaiti 256 ndani ya prosesa yenyewe, ikienda kwa mwendo uleule wa prosesa, ilhali K6-2 hutegemea kashe iliyo kwenye mazabodi, inayofuata mwendo wa njia ya data ya mazabodi, megahezi 100. Nilituma pesa kwa simu, kifurushi kikapakiwa kwenye basi asubuhi, na kufikia saa saba mchana nilikuwa nacho mkononi.

Nilipanga jampa (vibanio vya mipangilio kwenye mazabodi) kwa megahezi 100, kizidisho 4.5, yaani megahezi 450, na volti 2.4 kama herufi H ya kwenye maandishi yake inavyodai. Windows 98 ilikwama kabla ya kumaliza kuwaka, na chuma cha kupoza kilikuwa cha moto kiasi kwamba sikuweza kukigusa. Nilipoteremsha hadi volti 2.2 na kizidisho 3.5, yaani megahezi 350, ikatulia kabisa. Hapo ndipo nilipoitoa na kuilaza chini ya taa: kwenye kifuniko kulikuwa na mikwaruzo myembamba, yote ikielekea upande mmoja, na maandishi yalikuwa yamekaa juu ya mikwaruzo hiyo.

Nilimpigia, nikamwambia kuwa baiosi, programu inayoiwasha kompyuta, inaiita K6-2. Akanijibu kwa upole, "Kaka, baiosi yako ni ya zamani, ndiyo maana inaiita K6-2." Jibu hilo lina ukweli ndani yake, kwa kuwa baiosi za zamani hukosea kweli jina la prosesa zilizotoka baada yake, na naamini ndilo linalowanyamazisha wengi. Kwa hiyo niliachana na jina nikapima. CPU-Z, programu inayosoma utambulisho wa prosesa, ilisoma familia 5, modeli 8, na K6-III ni modeli 9. Namba hiyo hutoka kwenye prosesa yenyewe, baiosi haihusiki. Kipimo cha kasi ya memori kilionyesha kasi ikishuka mara tu data ilipozidi kilobaiti 32, wakati K6-III ingeendelea kwa kasi kubwa hadi kilobaiti 256. Mwisho nilizima kashe ya mazabodi kwenye baiosi. K6-III halisi ingepungua kidogo tu kwa sababu inabaki na kashe yake. Hii yangu ilianza kutambaa, na madirisha yakawa yanajichora mstari baada ya mstari.

Nilipomtumia picha za vipimo hivyo, aliizuia namba yangu. Namba yake nimeiripoti kupitia 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.

Kinachoniuma kuliko pesa ni ile volti. Anayeyaamini maandishi hayo ataipa prosesa umeme uliozidi, na akiiacha ikifanya kazi kutwa nzima bila kuigusa, anaweza kuiunguza, na mazabodi za aina hii siku hizi hazipatikani kwa urahisi.

Tangazo lake huwa na picha ya prosesa iliyolazwa juu ya kitambaa cha bluu, ikiwa na pini moja ya pembeni iliyopinda. Yangu ilifika na pini zote zimenyooka, kwa hiyo iliyo pichani siyo anayouza. Ukikutana na tangazo hilo, mwombe video moja isiyokatwa, ikianzia maandishi ya juu ya prosesa, iendelee inapofungwa kwenye soketi, hadi CPU-Z inapoonyesha modeli 9. Akikataa, usitume hata shilingi ya nauli ya kifurushi. Aliyekwisha kununua na hana kifaa cha kupimia, aje nayo kwangu Moshi, nitampimia bila malipo.