Uzoefu wangu na trela la boksi la kubebea Datsun 240Z

Aliyekulia Kenya hahitaji kuelezwa 240Z ni gari gani. Edgar Herrmann alishinda nalo Safari Rally mwaka 1971, Shekhar Mehta naye akashinda mwaka 1973, na wapenzi wa mbio za magari bado wanalisimulia. Langu ni la 1972, na tunaishi nalo Minnesota, Marekani, ambako barabara humwagiwa chumvi kipindi chote cha baridi. Bodi za magari haya zinashika kutu hata pasipo chumvi, kwa hiyo trela la wazi sikulitaka kabisa. Kuna na kokoto zinazorushwa na malori, na kuna kulala hotelini huku gari lako likitazamwa na kila anayepita. Boksi linakuepusha na yote hayo.

Nilichonunua ni trela la futi 20, upana wa nje futi 8 na nusu, lenye ekseli mbili zinazobeba pauni 5,200 kila moja, zote na breki za umeme. Muuzaji alinisisitizia lile la ekseli za pauni 3,500 kwa kuwa bei yake ni nafuu. Tukae kwenye hesabu. Boksi tupu lina kilo 1,600 hivi, Datsun kama kilo 1,050, kisha winchi, tairi la akiba, jeki na masanduku ya spana kilo 200. Jumla 2,850. Trela la ekseli ndogo mwisho wake, pamoja na uzito wake lenyewe, ni kilo 3,175. Ningetosha, lakini kwa kubanana, na tairi zingeteseka kila safari ya joto. Mwenye Chevrolet Impala ya miaka ya sitini, inayokaribia kilo 1,700, asilisogelee hata kidogo. Namba hizi zimeandikwa kwenye stika iliyobandikwa trelani. Isome hiyo kabla hujaanza kupendezwa na rangi na taa.

Kitu ninachokifurahia kuliko vyote ni mlango wa kutokea ubavuni. Ndani, kati ya vifuniko vya magurudumu, upana ni mita 2 na kidogo, na Datsun ina mita 1.63. Kila upande inabaki shibri moja tu. Katika trela lisilo na mlango huo, ukishaingiza gari unatokea dirishani, au inakubidi ulivute kwa winchi toka mwanzo. Langu lina mlango mpana upande wa kushoto, juu ya magurudumu ya trela, na kifuniko cha gurudumu kinatolewa. Naingia polepole, nasimama, mlango wa Datsun unafunguka hadi nje, nashuka kama mtu aliye nyumbani kwake. Na Mungu apishe mbali, moshi ukianza humo ndani, naifikia haraka mikanda iliyolifunga gari. Kwa gari lenye kabureta za zamani hilo si jambo la kupuuza. Ndiyo maana pia nachomoa waya wa betri ya gari kabla ya kuondoka na kuacha matundu ya hewa wazi.

Kabla ya kulipa, chukua tochi ulale chini ya trela. Angalia zile ringi za kufungia mikanda zimeshikwa na nini. Kwenye yadi moja nilikuta ringi nzuri zinazong'aa, lakini chini yake kulikuwa na skrubu zilizong'ata plaiwudi tu. Gari la tani moja likivutwa kwa breki ya ghafla, plaiwudi haitalizuia. Za trela langu zina bolti zilizopita hadi kwenye vyuma vya chini, na vyuma vyenyewe vimepangwa kila inchi 16, si 24. Mikanda naifunga kwenye magurudumu, siyo kwenye bodi. Hivyo gari linacheza kwenye springi zake na mikanda hailegei njiani.

Halafu kuna suala la mahali pa kusimamisha gari ndani ya trela. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote inatakiwa ikae kwenye ndoano ya kuvutia. Kwangu hiyo ni kilo 285 hadi 430. Ukipungukiwa hapo, trela litayumba. Nilipima kwenye mizani ya malori, nikaisogeza Datsun mbele mpaka uzito ukakaa sawa, nikapiga mstari wa rangi sakafuni. Faida yake unaiona barabara ya I-35, kutoka Minneapolis kwenda Kansas City, unapokatiza Iowa. Kule ni tambarare, upepo unatoka upande wa magharibi na ubavu wa boksi unaupokea wote. Lori likikupita, kwanza linakusukuma, kisha linakuvuta. Pikapu yangu inasikia msukumo huo lakini haitoki kwenye njia yake. Trela likianza kuyumba, inua mguu kwenye mafuta, usikanyage breki, bonyeza kwa mkono kitufe cha breki za trela. Jifunze kitufe hicho kiko wapi ungali uani kwako.

Mabaya yapo. Mafuta yanaliwa sana, na sababu ni upepo zaidi ya uzito. Pua iliyochongoka ya trela haikupunguza hilo kiasi cha kuonekana, ila imenipa nafasi ya spana. Mfuniko wa tundu la hewa juu ya paa ulivuja mvua ya kwanza, matone yakaangukia boneti. Kiwanda kilichukua muda mrefu kujibu, nikaishia kuziba mwenyewe kwa silikoni. Tairi za trela nyingi zina kikomo cha maili 65 kwa saa, na zinachakaa kwa umri hata zikiwa na kashata nzuri. Zile namba nne za mwisho ubavuni ni wiki na mwaka wa kutengenezwa.

Mwenye gari dogo kama langu, futi 20 zinatosha na kubaki. Kwa gari refu la Kimarekani ningechukua futi 24, ekseli hizi hizi, na mlango wa ubavuni nisingekubali kuukosa hata kwa punguzo.