Kamera ya Canon EOS R6 Mark II baada ya msimu mmoja wa harusi

Napiga picha za harusi Kampala na Mukono. R6 ya kwanza ilinifaa, ila video ilijikata yenyewe kabla ya dakika 30, na msemaji wa kwanjula (sherehe ya Waganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa ukoo wa bibi harusi) dakika ya 30 bado anasalimia ukoo. Mark II imeondoa kikomo hicho. Kwangu hilo peke yake lilitosha kunitoa pesa mfukoni.

Sensa, yaani kipande kinachonasa picha, ni ya fremu kamili (ukubwa wa filamu ya 35mm), megapikseli 24.2 badala ya 20.1. Haya, tofauti ndogo. Utamu uko kwenye fokasi: inang'ang'ania jicho la bibi harusi hata shela ikimpita usoni.

Kwa shata ya kielektroniki inafika picha 40 kwa sekunde. Nikaijaribu kwa mpiga namunjoloba, ngoma ndogo ya Kiganda. Vijiti vyake vikatoka vimepinda kama ndizi, maana shata hiyo husoma picha mstari kwa mstari! Nikarudi shata ya kawaida, picha 12 kwa sekunde, vikanyooka.

Swichi ya kuwasha imehamia kulia, na mahali pake pa zamani pamewekwa ya kuchagua picha au video. Wiki mbili nzima nilidhani nazima kamera, kumbe naingia video. Kidole changu hakijazoea hadi leo.