Miaka mitatu na Wii peke yake sebuleni

Kila mgeni anayeona lile sanduku jeupe kando ya TV yetu huniuliza swali lile lile: "Hii ni ya watoto, sivyo? Yako iko wapi?" Yangu ndiyo hiyo. Sina nyingine. Kwa zaidi ya miaka mitatu nyumba yetu hapa Langalanga, Nakuru, imekuwa na mashine moja tu ya gemu, nayo ni Nintendo Wii. Wenzangu wawili gerejini wanataka kununua na wananiuliza kama inatosha yenyewe, bila PlayStation pembeni. Ninawajibu hapa, kwa urefu, kwa sababu jibu linategemea nyumba ya mtu.

Niliinunua kwa Sh 8,500 kwa muuzaji wa vyombo vya umeme vilivyotumika Uingereza, si mbali na Kenyatta Avenue. Ilikuja na rimoti mbili, Nunchuk moja (kipande cha mkono wa pili chenye kijiti), diski ya Wii Sports, na Mario Kart Wii pamoja na usukani wake mweupe wa plastiki. Hilo la Uingereza nililizingatia kwa makusudi. Jirani yangu alikuwa amepata yake kwa bei nafuu zaidi, imetoka Marekani, na aliyemuuzia hakumwambia kitu. Adapta ya Marekani imeandikwa volti 120, na stima yetu ni 240. Alipoichomeka tulisikia mlio mdogo kama bisi ikipasuka, kisha harufu, basi. Hata angepata adapta nyingine, diski za Uingereza, ambazo ndizo nimeziona nyingi hapa mjini, zisingesoma, kwa maana Nintendo iliifunga kila mashine kwa eneo lake. Kwa hivyo kabla hujatoa pesa, pindua adapta usome. Halafu funua vifuniko vya juu: ukikuta matundu manne ya pedi za GameCube, mashine ya Nintendo iliyotangulia Wii, umepata toleo la mwanzo, ambalo linacheza diski za GameCube vilevile. Matoleo ya kuanzia 2011 hayana matundu hayo.

Sasa rimoti, maana ndiyo mashine yenyewe. Wii ilipotoka Novemba 2006, Xbox 360 na PlayStation 3 zilikuwa zinashindania ung'avu wa picha. Nintendo ikapita njia nyingine. Ndani ya rimoti waliweka kifaa cha kupima jinsi mkono unavyoongeza na kupunguza kasi, na puani wakaweka kamera ndogo inayoona mwanga wa infraredi. Kile kipande chembamba cha kuwekwa juu ya TV, watu hudhani ndicho kinachokutazama. Hakioni chochote. Ni taa tu, vikundi viwili vya taa ambazo macho yetu hayazioni, na rimoti ndiyo inayozitazama ili ijue umeielekeza wapi.

Hili nilifundishwa na panya. Alikata waya wa kile kipande usiku mmoja, na asubuhi mshale haukuonekana tena kwenye skrini. Nikaweka mishumaa miwili juu ya kabati la TV, kama futi moja kati yao, nikaiwasha, na mshale ukarudi. Tulicheza hivyo jioni nne, mimi nikiwa macho kwa ajili ya moto, hadi nilipopata nafasi ya kuunga waya. Julai iliyofuata, baridi ilipokaza, tuliingiza jiko la makaa sebuleni, madirisha tukayaacha wazi. Mshale ukaanza kurukaruka kama nzige. Makaa yaliyoshika moto nayo hutoa infraredi, basi rimoti ilikuwa inaona taa tatu badala ya mbili. Tulisogeza jiko nyuma ya viti, ukatulia. Jua la saa kumi linaloingia dirishani hufanya vivyo hivyo, ila hilo pazia zito linalimaliza.

Kuhusu mwendo wenyewe, usidanganyike na picha za watu wanaoruka sebuleni. Katika tenisi ya Wii Sports, kijana wangu wa kwanza aligundua ndani ya wiki moja kwamba huna haja ya kuinuka. Anaketi, anakunja kifundo cha mkono kidogo tu, na mpira unakwenda. Kifaa cha ndani kinahisi kasi lakini hakijui vizuri mkono umepinda kiasi gani. Ndiyo maana gemu nyingi za miaka ile ya kwanza zinakutaka utikise rimoti mahali ambapo kitufe kingetosha, na hizo ndizo zilizoiharibia Wii jina kwa wachezaji wakubwa. Wana haki. Nimecheza kadhaa na nimezirudisha sokoni.

Mambo hubadilika ukipata MotionPlus. Ni kipande kidogo kilichotoka 2009, kinachomekwa chini ya rimoti, na ndani yake kuna jairoskopu, kifaa cha kupima jinsi rimoti inavyogeuka na kuinama. Mimi kazi yangu ni kupaka magari rangi. Bunduki ya rangi ikiinama kidogo tu kuliko inavyotakiwa, rangi inatiririka mlangoni na inabidi upige msasa upya. Kwa hivyo kifundo changu kinajua pembe. Siku ya kwanza nilipocheza tenisi ya meza katika Wii Sports Resort nikainamisha rimoti ili niukate mpira, nao ukapinda vile vile nilivyotaka, nilisimama nikautazama ule mkono wangu. Ni mara chache sana chombo cha plastiki kimenielewa namna hiyo. Nilinunua vipande viwili, Sh 1,200 kila kimoja, na kama utanunua Wii leo, bajeti yako ivihesabu tangu mwanzo.

Halafu kuna Shosho. Mama yangu ana miaka 71, anaishi upande wa Molo, na alikuja kwetu wiki mbili kwa ajili ya kliniki ya macho. Jioni mbili alikaa akitazama tu. Ya tatu kitinda mimba wetu akamwekea rimoti mkononi na kumfunga kamba kwenye kifundo.

"Shosho, shika hapa chini, urudishe mkono, ukirusha uachilie."

"Niachilie chombo chenyewe, mjukuu wangu?"

"Hapana, Shosho! Kitufe tu."

Alirusha mpira wa boulingi akiwa amekaa kwenye kochi, kwa sababu ya goti. Mpira wa kwanza ulikwenda mfereji wa kando. Wa pili ukaangusha pini saba. Kabla hatujala, alikuwa ameziangusha zote kumi kwa mpigo, na alicheka kicheko ambacho sijakisikia tangu baba atutoke. Mama huyu hajawahi kushika pedi ya gemu maishani, na hangeweza: vitufe vinane, vijiti viwili, kidole kipi kiende wapi? Lakini kurusha kitu anajua. Amerusha mawe akifukuza tumbili shambani tangu utotoni. Siku hizi akipiga simu, baada ya kuwajulia hali watoto anauliza kama betri zimechajiwa.

Hilo la kamba msilipuuze. Mpwa wangu alicheza bila kuivaa na rimoti ikatua kwenye kioo cha kabati la vyombo. Nintendo yenyewe iliwabadilishia wateja kamba kwa nyingine nene Desemba 2006, na mwaka uliofuata ikatoa soksi za silikoni za kuvalisha rimoti. Ukikuta rimoti ya mtumba haina soksi hiyo, omba punguzo.

Lakini kuwa mashine kuu ni zaidi ya kuchezwa na watu wote Jumapili. Ni ile saa nne usiku, watoto wamelala, wewe umetoka kazini na unataka dunia yako. Hapo nilikuwa na hofu, kwa sababu nashinda nimeinua mkono na bega langu la kulia jioni huwa limechoka. Kwa Zelda: Twilight Princess hofu ilikuwa ya kweli. Kila pigo la upanga ni mtikiso, na baada ya saa moja nilikuwa naweka rimoti chini. Super Mario Galaxy ni nyepesi zaidi kwa mkono, na hadi leo sijaona gemu iliyonifurahisha kuliko ile, kutembea juu ya sayari ndogo kama chungwa hadi unajikuta chini-juu. Iliyonishangaza ni Resident Evil 4. Ilitungwa kwanza kwa GameCube, lakini kwenye Wii unalenga kwa kuelekeza rimoti, kiwiko kimepumzika pajani, na ulengaji huo ni wa haraka na wa asili kuliko kijiti chochote cha pedi nilichowahi kushika. Nikimaliza hapo kuna Xenoblade Chronicles, ambayo nimeicheza saa 80 na bado inanidai. Anayesema Wii haina gemu za mtu mzima hajafika huko.

Ilipo na upungufu, ni mpira. Kijana wangu ana miaka 14 na anataka timu za msimu huu. FIFA ya mwisho kwa Wii ilikuwa FIFA 15. Wachezaji wengi wa ndani yake wameshastaafu, na hao anaowashangilia leo walikuwa bado watoto. Kwa hiyo Jumamosi anaenda kibandani, analipa Sh 20 kwa mechi, na siwezi kumlaumu. Nimemwonyesha gemu za mpira za PES za Wii, ambazo unaelekeza rimoti mahali na mchezaji anakimbilia hapo, hata asiye na mpira, kama kocha anayechora ubaoni. Mimi naona ndiyo mpira wenye akili zaidi niliowahi kuucheza. Yeye anaona majina ya zamani. Na akiuliza GTA, jibu ni fupi: haikuwahi kutolewa kwa Wii hata moja. Kama nyumba yako ni ya kijana mmoja na marafiki zake wa mpira, usinunue Wii iwe ya pekee. Tafuta PlayStation ya mtumba.

Picha pia. Wii haitoi picha za HD, wala haina tundu la HDMI. Kwa TV yetu ya zamani ya mgongo, inchi 21, na kebo ile ya njano, nyeupe na nyekundu, ilipendeza kabisa. Tulipohamia inchi 43 ilionekana kama imepakwa mafuta. Kebo ya komponenti, inayotenganisha picha katika waya tatu, ilisaidia, si kwa miujiza.

Intaneti isahau. Huduma ya kucheza na watu wa mbali ilifungwa Mei 2014, na duka lake likafungwa Januari 2019. Lakini kwetu hilo limekuwa nafuu. Shemeji yangu alinunua konsoli mpya, akaingiza diski, ikamwambia asubiri ipakue gigabaiti kadhaa kabla ya kucheza, naye anaishi kwa bando. Wii unaingiza diski, dakika moja baadaye unakimbiza magari na watu wanne kwenye kochi moja. Stima nayo haili: kama wati 18 ikiwa inacheza, chini ya nusu ya balbu ya zamani ya wati 40. Tokeni haikusikia. Kinachokula ni mawe, zile betri mbili za AA kwa kila rimoti. Nilitupa betri za dukani mwezi wa pili na kununua nane za kuchaji, na tangu hapo sijalalamika.

Kwa nyumba yangu, basi, ndiyo, imekuwa mashine kuu na imeistahili nafasi hiyo. Inayonitia wasiwasi sasa ni lenzi ya kusomea diski. Vumbi la Januari na Februari hapa Nakuru linaingia kila mahali, na diski zenye tabaka mbili, hasa Super Smash Bros. Brawl, zimeanza kukataa kusoma. Nimeifungua mara mbili nikaisafisha kwa spiriti na pamba, ikarudi, lakini naisikia motor ikihangaika. Wale wenzangu wawili nimewaambia wazi: tukikuta nyingine nzuri ya Uingereza kabla ya Shosho kuja Desemba, ya kwanza ni yangu.