Kikatio cha waya moto kwa kuta za ngome: uzoefu wangu

Nilinunua kikatio cha mezani, mashine ndogo inayokata mabamba ya povu kwa waya uliopashwa moto kwa umeme, kile cha bei ya chini kinachouzwa mtandaoni, kwa kazi moja tu: kujenga kuta za Fort Jesus ya Mombasa za kuchezea vita vya mezani, kwa sanamu za askari wenye kimo cha milimita 28. Kwa kazi hiyo kimenifaa sana. Kama unajenga kuta zilizosimama wima, sikushauri ukinunue. Kisu kikali na rula vinatosha.

Siri ni mwinamo. Ngome hii, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 na Wareno kwa ramani ya msanifu Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, ni ya zama za mizinga: kuta nene zilizolalia ndani kidogo, na pembe nne zilizochomoza ili kila moja iulinde ubavu wa mwenzake. Kuukata mwinamo huo kwa mkono ni adhabu, maana kila kipande hutoka kivyake na ukiviunganisha unaona mianya. Kwa waya, nilifunga kabari ya mbao juu ya meza ya mashine, nikasukuma povu juu yake, vipande vyote vikatoka sawasawa.

Kasoro zipo. Waya ukipata moto hurefuka na kulegea, kisha pembe iliyotakiwa kuwa kali inatoka imeviringika. Mashine yangu ilikuja na skrubu tu ya kukazia. Nikaongeza springi ndogo, na tangu hapo waya haujalegea. Kidhibiti cha joto nacho ni cha kubahatisha. Ukishaanza kukata usisite njiani, kwani pale unaposita panayeyuka shimo. Na fungua madirisha, moshi wake si wa kuvuta.

Povu lenyewe lisiwe lile jeupe la chengachenga linalofungia televisheni. Tafuta mabamba magumu ya samawati au waridi, yale ya kuzuia joto majengoni. Yakandamize kwa bonge la karatasi ya aluminiamu, yatapata sura ya kuta za mawe ya matumbawe zilizobanduka lipu (hapa ndipo ninapofurahia kuliko kwingine kote). Kisha paka gundi nyeupe iliyochanganywa na rangi nyeusi kabla ya kitu kingine chochote. Rangi ya kopo ya kupuliza huliyeyusha povu lisilofunikwa.

Kuhusu ukubwa, piga hesabu mapema. Eneo lote pamoja na handaki ni hekta 2.36, kwa hiyo kwa askari wa milimita 28 ungehitaji karibu mita tatu kila upande. Mimi nimejenga São Filipe, mojawapo ya zile pembe nne, inayotazama nchi kavu, na kipande cha ukuta. Anayetaka ngome nzima achukue askari wa milimita 6, itamtosha nusu mita. Njia ya juu ya ukuta niliipa milimita 60: vitako wanavyosimamia askari ni milimita 25, na wapiga mizinga wanataka nafasi. Ingawa katika mzingiro wa Waomani wa 1696 hadi 1698, maradhi yaliwamaliza Wareno na wenzao waliokuwa ndani kuliko mizinga, na kanuni zangu za mchezo zinalizingatia hilo.

Ukiagiza, agiza na waya wa akiba wa unene uleule. Mwembamba hukatika, na mnene haupati moto wa kutosha kwa transfoma iliyokuja na mashine.